Tumbo la Kaa, Mguu wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mama bado hajafumbua macho. Wiki ya pili sasa. Kiharusi kilimkuta pale pale kwenye cherehani, shati la mteja likiwa chini ya sindano. Mfuko wa kushoto ameshaushona, wa kulia umeshikizwa kwa pini tu. Dada ndiye aliyemkuta. Shati bado liko pale pale, hakuna anayethubutu kulitoa.

Nimekwenda kazini. Kukaa nyumbani siwezi, kila ninapogeuka kuna vipande vya vitambaa vyake. Bosi wetu tunamwita Grafu, maana hata ukimwambia nje kunanyesha atakuuliza grafu iko wapi. Leo hakuuliza. Alinishika bega, akasema nichukue likizo. Nikamwambia nikikaa bure nitapata wazimu. Akaniacha.

Nikamwasha kaa wangu. Kaa wa kompyuta, hana gamba wala harufu. Ni zile seli chache za neva zinazoendesha tumbo lake, basi. Kaa ana meno tumboni—kila ninayemwambia anadhani namtania! Seli zenyewe hupokezana: hii ikipiga kelele ile inanyamaza, na meno yanasaga. Kazi yangu ni kuandika hesabu za kila seli, kisha kuziunganisha mpaka zidunde kama za kaa mwenyewe. Leo zimedunda vizuri mno. Nimekaa nikitazama mistari ikipanda na kushuka, nikalia, nikaenda kunawa uso.

Jumatano, 6 Machi

Mguu umecheza!

Dada alinipigia simu katikati ya kikao. Nilitoka mbio, kalamu ya watu mkononi. Nilipofika wodini nikamkuta amefunua shuka, anacheka na kulia kwa pamoja. Mguu wa kulia wa Mama ulikuwa unakwenda. Vidole chini, kisigino chini. Vidole, kisigino. Mwendo wa cherehani kabisa.

"Anashona! Kitinda, tazama, anashona!"

Kitinda ni mimi. Mwanamke mzima mwenye shahada tatu, na bado kitindamimba.

Nilikulia chini ya meza ya cherehani. Dada, mkubwa, alikaa juu na Mama akishona vifungo. Mimi niliwekwa chini na sumaku niokote pini. Kwa hiyo mguu wa Mama naujua kuliko mtu yeyote duniani. Akifika pembeni mwa kitambaa alikuwa akisema kwa sauti, "Kona!" Mguu unasimama, anageuza kitambaa, mguu unaendelea. Kutoka juu aliniuliza: "Haya Kitinda, nashona nini?" Nami najibu kwa kuutazama mguu tu. Pindo la gauni ni safari ndefu. Kola inasitasita. Mfuko ndio rahisi: mrefu, kona, mfupi, kona, mrefu, halafu anakata uzi, maana mdomo wa mfuko haushonwi. Nikipatia, ananirushia kifungo.

Leo nimeutazama muda mrefu. Hauna kona. Unakwenda, unakwenda, mshono usio na mwisho. Dada sikumwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Dada anaimba. Ule wimbo wa Mama wa kushonea, usio na maneno ya maana: "Pindo, pindo, twende pindo—kona!" Anasema akiimba mguu unajibu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wameshaujua, mmoja anaitikia.

Daktari kijana alituita ukumbini. Ana adabu, ila akiwa na neno zito anaangalia viatu vyake. Alisema sehemu kubwa ya ubongo imekufa. Alisema watu wa hali hii kifua hushikwa upesi. Kisha akauliza: siku pumzi ikimshinda, tunataka awekwe kwenye mashine ya kupumulia, au aachwe aende kwa utulivu? Mashine inaweza kumshikilia muda mrefu bila yeye kurudi. Tufikirie, tumjibu Jumatatu.

Dada hakufikiri. "Mashine. Mtu anatujibu kwa mguu, tumwache afe?"

Daktari akanitazama mimi. Nami nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 8 Machi

Grafu anataka kujua joto linaufanyaje mdundo. Nimempasha moto kaa wangu, digrii moja baada ya nyingine. Kwanza mdundo unakwenda mbio. Mbio zaidi. Halafu unaanza kukatika: unakwenda, unasimama, unakwenda kidogo, unasimama. Halafu kimya.

Mikasi anasema kaa wake nao hufanya hivyo hivyo. Mikasi ndiye anayewapasua: anawalaza kwenye barafu hadi wasihisi kitu, anatoa tumbo, anachambua neva kwa mkasi mdogo kuliko kucha. Kisha anaziweka kwenye sahani ya maji ya chumvi na kusikiliza kwa nyaya. Chumbani kwake siingii. Mimi ni mtu wa hesabu, damu siiwezi, hata ya kaa.

Nilimuuliza, ukimpoza haraka? Anarudi, akasema. Wengi wao.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia Dada.

Nilibeba kompyuta. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na bomba la maji, watu wanapita na vikombe vyao. Nilimwonyesha picha ya sahani ya Mikasi: uzi mweupe wa neva, na katikati yake kifundo kidogo kama punje ya mchele. Nikamwonyesha mistari inavyodunda.

Akauliza, "Na kaa mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo, Dada. Alishakufa jana yake."

"Sasa hiki kinasaga nini?"

"Hakisagi kitu. Hakuna meno, hakuna tumbo, hakuna chakula. Kinadunda chenyewe."

Nikamwonyesha na kaa wangu wa kompyuta. Nikabonyeza pale pa kukata kila kitu kinachotoka juu, kichwani. Mistari ikaendelea bila hata kushtuka. Unaona, nikamwambia. Na uti wa mgongo wa binadamu una seli za namna hii, za miguu. Mama amekanyaga cherehani maisha yake yote. Mguu unaweza kwenda bila mwenyewe kuwepo.

Aliitazama mistari mpaka nikadhani hakuelewa. Kumbe alielewa kuliko nilivyotaka.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiliimbia fundo."

Nilitaka kumkumbatia, akawa ameshasimama. Alikwenda kumfunika Mama miguu. Alichomeka shuka vizuri chini ya godoro, pande zote, kama tulivyokuwa tukichomekewa sisi.

Nadhani nimefanya sawa. Tumaini la uongo linaua pole pole. Lakini roho inaniuma, na sina wa kumwambia.

Jumapili, 10 Machi

Dada hakuimba. Alikaa na mikono mapajani siku nzima. Mgonjwa wa jirani akamuuliza, mama, leo wimbo vipi? Akasema koo limemkauka.

Mguu ulikwenda kidogo asubuhi. Baadaye hapana.

Jumatatu, 11 Machi

Tumemjibu daktari. Hakuna mashine.

"Sema wewe," Dada alisema, "si ndiye unayejua?" Nikasema. Sauti ilitoka vizuri kabisa, kama nasoma matokeo mbele ya kikao. Daktari akashukuru. Akatusifu eti tuna ujasiri! Dada akatoka nje, akaniacha na sifa zangu.

Jumanne, 12 Machi

Mguu haujacheza tangu juzi. Nimeukanda kwa mafuta. Ngozi ya kisigino bado ngumu. Pale kidole gumba kinapokutana na unyayo kuna sugu, ya cherehani. Niliishika ile sugu nikalia kwa sauti, nesi akavuta pazia ili nilie kwa nafasi.

Jumatano, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Grafu aliniambia nisafishe programu, kuna maabara nyingine inaiomba. Kazi ya kufagia tu: kufuta mistari isiyotumika, kuandika maelezo ili mgeni asipotee. Nilifurahi kupata kazi isiyohitaji akili. Nikaanzia mwanzo kabisa, kwenye mistari niliyoiandika nilipoajiriwa, na ambayo sijaisoma tangu siku hizo.

Nikakuta kiraka.

Ni namba moja tu. Nimeipa kila seli, kila mara, bila kujali kitu kingine. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "ya muda, ili mdundo uanze, nitaondoa." Nakumbuka! Wiki ya kwanza mdundo uligoma kuanza. Nilikuwa mgeni, naogopa kufukuzwa. Nikazipa seli kisukumo kidogo, kama ujumbe kutoka juu unaofika bila kukoma. Mdundo ukaanza. Nikashangilia, nikasahau. Yeyote anayefanya kazi hii ana kiraka chake mahali, na kila kiraka ni cha muda.

Kwa hiyo siku ile nilipomkatia Dada kila kitu kinachotoka juu, sikukata chochote. Nilifunga mlango mmoja, na mwingine nilikuwa nimeuegesha wazi mwenyewe.

Nimeondoa ile namba. Nimeendesha upya.

Mistari imelala. Kila seli kimya. Nikarudia. Kimya. Nikabadilisha hili na lile, nikarudia tena, nikiwa nawaomba—nawaomba seli za kompyuta!—wadunde.

Nikamfuata Mikasi mpaka chumbani kwake, siku ya kwanza kuingia. Kwenye sahani kulikuwa na kaa wa leo, kilichobaki. Nikauliza: kile kifundo unachonipimia, kiko peke yake? Akashangaa swali. Hapana bwana, akasema, naacha vifundo vya juu vimeungana nacho, ndivyo sote tunavyofanya, imeandikwa kwenye kila ripoti yangu. Na ukikata? Mara nyingi kinanyamaza, akasema. Halafu wengine, kesho yake, huanza tena wenyewe. Wengine hawaanzi. Hatujajua kwa nini.

Ripoti zake zote nilizisoma. Nilichukua namba, maneno nikaruka.

Kwa hiyo huenda mguu unakwenda wenyewe. Huenda pia kuna mtu juu anayetuma ujumbe. Na mimi nimesimama mbele ya daktari nikasema hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Mama ana homa. Kifua kinakoroma. Nesi anamgeuza kila mara na kumpigapiga mgongo.

Nimemwambia Dada kila kitu, kwenye benchi lile lile. Hakunikatiza. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayelalamika, kichwa upande.

"Sasa kile ulichonionyesha kilikuwa nini?"

"Kosa, Dada."

"La kompyuta?"

"Langu. Kompyuta inafanya inachoambiwa."

"Basi niambie. Mama yupo au hayupo?"

"Sijui."

"Jumamosi ulijua."

Angenipiga kofi ningeshukuru. Alifunga kanga yake upya, taratibu, akarudi kitandani kwa Mama, akaketi akiwa amenipa mgongo. Mimi nikabaki na bomba la maji.

Daktari nilimkuta mlangoni akitoka. Nikamuuliza, tunaweza kubadilisha uamuzi? Kubadilisha mnaruhusiwa, akasema, hata mara kumi. Lakini pumzi yake haitupi muda. Kesho mchana nikipita mnipe kauli moja, ya wote wawili. Nikamuuliza kuhusu mguu, yeye anaonaje. Akaangalia viatu. Akasema mambo mengine hata wao hawayajui.

Ijumaa, 15 Machi

Naandikia gotini. Mkono wa kushoto uko chini ya unyayo wa Mama. Homa imepanda sana tangu asubuhi. Kila pumzi inakuja kwa kuvutwa, kama mtu anayeburuta gunia.

Dada yuko upande wa pili wa kitanda, ametazama dirisha. Nilimwomba aimbe. Hakugeuka.

"Mimi nilisema mashine, ukanifuta. Nikaimba, ukaninyamazisha. Leo imba wewe, na useme wewe."

Mimi! Shuleni kwaya walinibakiza kwa sharti nifungue mdomo bila kutoa sauti. Lakini nimeimba. Pindo, pindo, twende pindo. Sauti inanitetemeka, watu wa vitanda vya jirani wamenyamaza kwa huruma, au kwa maumivu ya masikio. Nikaimba tena. Na tena.

"Umeanzia juu mno," Dada akaliambia dirisha.

Nikashusha. Nikaimba kwa chini, nikafika pale pa "kona," nikajisikia mjinga kupita kiasi, na nikaendelea.

Mguu ukaanza.

Niliuhisi kabla ya kuuona. Ile sugu ikanikandamiza kiganja. Vidole, kisigino, vidole, kisigino. Dhaifu, lakini ule ule. Nikaacha kuimba. Ukaendelea bila mimi. Kisha ukasimama.

Dada akageuka.

Ukaanza tena. Kidogo tu safari hii. Ukasimama.

Ukaanza mara ya tatu. Mrefu kama wa kwanza. Halafu basi.

"Mfuko," Dada akasema. Kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto aliyelala. "Kitinda. Mfuko huo."

Nilikuwa nimeshauona. Kabla hajasema nilikuwa nimeshausoma, kama zamani chini ya meza, na nikainua macho kusubiri kifungo. Na papo hapo kichwa changu, kichwa hiki kisichojua kunyamaza, kikaniletea kaa wa Ijumaa iliyopita. Niliyempasha moto. Unakwenda, unasimama, unakwenda kidogo, unasimama. Naye angeweza kushona mfuko kama huu, na hana shati. Mama anaungua kwa homa. Mdundo unaokatika kwa joto na mguu unaokata kona—kwa nje ni kitu kimoja.

Nikamweleza Dada. Sikumficha. Nilimwambia nataka iwe kona kuliko ninavyotaka kitu chochote, ndiyo maana sijiamini. Mdomo ulimcheza. Nilidhani atanitukana, na haki anayo.

Akasema, "Lile shati lina mifuko mingapi?"

"Miwili."

"Basi."

Tumekaa. Amezunguka kitanda akaja upande wangu, bega lake limegusa langu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mfuko mmoja unaweza kuwa joto. Wa pili, ule wa kulia, ulioshikizwa kwa pini—ukija na kona zake, ninamwambia daktari mashine, na Grafu anidai grafu mpaka achoke. Usipokuja sijui nitasema nini.

Daktari ameingia. Ametazama kifua cha Mama, ametazama mashine ya kupima pumzi, ametutazama sisi. "Haya, dada zangu?"

Nimemwomba asubiri kidogo. Ameuliza tunasubiri nini. Dada amemjibu, "Mfuko wa pili," kama jambo la kawaida kabisa, na ameanza kuimba. Ameanzia pale panapotakiwa.

Daktari ametazama saa yake. Halafu amevuta kiti. Unyayo wa Mama uko moto kiganjani mwangu. Bado haujaanza.